Risasi Nazo Zihesabiwe

Hotuba ya mbunge kwa wananchi wa jimbo lake, soko la mifugo, kaskazini mwa Bonde la Ufa, Agosti 2025

Wazee wangu, akina mama, vijana, machifu, wahubiri na walimu: itifaki ya kumtaja kila mtu kwa cheo chake naomba niiruke. Jua la leo halina adabu, na kivuli cha mgunga huu kimewatosha wazee peke yao.

Nimekuja na kopo. Hili hapa. Zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia, sasa limejaa maganda ya risasi. Nimeliazima kwa mwalimu wa shule yetu ya msingi iliyo upande wa mtoni. Watoto wake wadogo huyatumia maganda haya kuhesabia. Nilipoingia darasani kwake mwezi wa sita nilimkuta mtoto mmoja amechuchumaa, ameyapanga kumi kumi sakafuni, marefu upande huu, mafupi upande ule. Nikamwuliza mbona ameyatenga. Hakuinua hata kichwa. Akanijibu, "Haya ya G3. Haya ya AK."

Ana miaka saba. Mimi nikiwa na umri wake nilihesabia kokoto.

Tangu siku hiyo kopo hili limekuwa likinisumbua, kwa sababu mtoto yule anafanya kazi ambayo sisi tuliomchagulia sheria hatujaifanya. Yeye anahesabu risasi. Sisi tunahesabu bunduki, tena zile zinazopatikana tu, halafu tunapiga picha.

Bunge limeenda likizo na ni haki yenu kujua nimefanya nini huko Nairobi. Nitaanza na bunduki, ndiyo itakayochukua muda mrefu. Baadaye nitagusa kodi, bima ya afya ya SHA, na basari za karo. Mnikatize mkiona napotoka.

Kuna watu wanazunguka wakisema Kenya haina sheria ya silaha. Ipo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mizizi yake ni miaka ya Hali ya Hatari, na tumeifanyia marekebisho mara nyingi tangu hapo. Raia anayetaka bastola anaomba kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, anachunguzwa tabia na akili, anaeleza anaihitaji kwa nini, na leseni yenyewe anaihuisha kila mwaka. AK na G3 si za raia kabisa. Ukikutwa nayo bila kibali, sheria inazungumzia kifungo cha maisha. Maisha! Ukali huo umeandikwa, umechapishwa, na kwa mujibu wa makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey ya mwaka 2017, mikononi mwa raia wa Kenya kulikuwa na silaha zipatazo 750,000, huku zilizosajiliwa zikiwa hazifiki 10,000. Basi ukali wa adhabu haujamtisha mtu. Mchungaji aliye Suguta na ng'ombe mia, akijua kwamba polisi wa karibu wako mwendo wa saa tano kwa mguu, haogopi jela. Anaogopa alfajiri.

Nawasikia pale kwa boda boda mnanong'ona: "Na ya kwako, Mheshimiwa?" Swali zuri. Ninayo. Ni bastola, ina leseni, na isitoshe ninao maafisa wawili wa kunilinda, mnawaona wamesimama pale karibu na gari. Kwa hiyo nikiwaambia msalimishe bunduki nyumbani kwenu huku mimi nimejifunga yangu kiunoni, mna kila sababu ya kucheka.

Na niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mwaka wa kwanza wa kupewa ile bastola nilikuwa naiweka kwenye droo ya nguo, chini ya soksi. Jioni moja tumekaa sebuleni tunatazama habari, binti ya ndugu yangu, wakati huo ana miaka tisa, akatoka chumbani ameishika kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sufuria ya moto. Akaniuliza, "Baba mdogo, hii ni ya nani?" Ilikuwa na risasi ndani. Mke wangu alisimama, akaketi, akasimama tena. Mimi nilipiga magoti na kumwambia mtoto aiweke chini polepole kwenye zulia, na sauti iliyotoka kinywani mwangu sikuijua kuwa yangu. Siku ya pili nilinunua sefu nikaipigilia ukutani. Nawaambieni hivi kwa sababu katika umati huu wapo polisi wa akiba, na wapo wafanyabiashara wenye leseni. Bunduki haikai chini ya mto wala juu ya dari, na haiegemezwi mlangoni pa nyumba ya mama watoto. Mtoto ataiona kabla yako.

Sasa turudi kwenye hizi zisizo na leseni. Wazee hapa wanaijua historia yake kuniliko. Kulikuwa na mkuki na upinde, na wizi wa mifugo ulikuwa na masharti yake. Mwaka 1979 Idi Amin akaanguka, kambi ya jeshi ya Moroto, kule Uganda, ikabaki bila mwenyewe, na ghala la silaha likabebwa hadi likaisha. Miaka ikapita. Mwaka 1991 Mengistu akakimbia Ethiopia, Somalia ikasambaratika, na vita vya Sudan vilikuwa bado vinawaka. Bunduki ikashuka bei kama mahindi msimu wa mavuno. Hakuna aliyezipanda hapa. Zilitufuata kwa njia zile zile ambazo ng'ombe hupitia kufuata maji.

Na serikali ikaja kuzichukua, mara nyingi sana. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla kwa jina la kutafuta silaha, na kilichotokea pale kiko kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Hapa kwetu kila mzee ana hadithi yake ya oparesheni: ng'ombe waliochukuliwa, vijana waliolazwa kifudifudi juani. Mwaka 2019 serikali ikazikusanya hata bunduki za polisi wa akiba, eti wapigwe msasa kwanza. Mnakumbuka miezi iliyofuata. Sina haja ya kuwasimulia.

Halafu ikaja Februari 2023. Katiba, Ibara ya 241, inasema jeshi haliwezi kupelekwa kurejesha amani sehemu yoyote ya nchi hii mpaka Bunge la Taifa liidhinishe. Tukaitwa. Kaunti sita zilikuwa zimetajwa: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Nilipiga kura ya ndiyo. Sijifichi, ukitaka kusoma Hansard, kumbukumbu za Bunge, ipo. Nilikuwa nimetoka kuzika watu, na sikuona njia nyingine.

Lakini nilichokosea ni kunyamaza kuhusu msamaha. Wenye silaha walipewa siku tatu kuzisalimisha. Siku tatu! Mtu aliye malishoni habari humfikia siku ya nne. Nilijua hivyo, nimezaliwa huku, na sikuinuka pale Bungeni kusema. Kosa hilo ni langu.

Je, jeshi letu, KDF, limesaidia? Barabara zinapitika kuliko awali, na shule kadhaa zilizokuwa zimehamwa zina watoto tena. Hilo nalikubali. Na bado, Mei mwaka huu, padri akapigwa risasi na kufa kule Tot, Bonde la Kerio, akitoka kusalisha misa. Mzee mmoja aliniambia siku ile: "Mheshimiwa, wanajeshi wako barabarani. Sisi hatuishi barabarani."

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini siwaambii tu watu wasalimishe. Nimeshasema, na nitasema tena, lakini najua kinachowazuia. Ukimnyang'anya silaha mtu wa ng'ambo hii ya mto leo, na wa ng'ambo ile wiki ijayo, katikati hapo kuna siku saba. Ndani ya siku saba boma zima linaweza kwisha. Majirani zetu wa Karamoja walipokonywa bunduki na jeshi la Uganda miaka ya 2000, na wakati huo wenzao wa upande wa Kenya walikuwa bado wana zao. Ikawa nini? Walivamiwa, wakazitafuta tena. Septemba 2019 marais wawili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walitia saini makubaliano pale Moroto kwamba nchi hizi zishirikiane. Mei 2023 Museveni akatoa amri yake, akawapa wafugaji wa Turkana walioko Uganda miezi sita waache kubeba silaha. Ninachokiomba katika kamati ni kitu kidogo tu kwa maneno na kikubwa kwa vitendo: siku iwe moja, kwa pande zote, na anayesalimisha alale salama usiku ule ule. Kama afisa hayupo wa kulinda usiku huo, asichukuliwe silaha yake mchana.

Sasa kopo.

Novemba 2016, pale Ngong, William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, alizitia moto bunduki 5,250. Moshi ulionekana kwenye televisheni zote. Zilikuwa zimehesabiwa moja moja. Nchi yetu ni miongoni mwa zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayotaka silaha zipigwe alama na kuwekewa kumbukumbu, na hata makao ya shirika linaloisimamia, RECSA, yako Nairobi. Kazi hiyo inafanyika. Ninaiheshimu. Lakini bunduki hudumu miaka arobaini ukiipaka mafuta. Risasi ni kama unga, ukiisha lazima urudi dukani. Basi swali ni moja: duka liko wapi?

Mwaka 2008 hao hao Small Arms Survey walichapisha uchunguzi wao wa Turkana Kaskazini. Walikuta sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu, kinyume cha sheria, zilitengenezwa hapa hapa nyumbani, katika kiwanda cha serikali cha Eldoret. Hazikutoka Sudan wala Somalia. Zilitoka kwenye maghala yetu, zikapewa watu wajilinde kwa sababu polisi hawafiki, zikazunguka. Miaka 17 imepita. Chukua ganda hapa, geuza kitako chake, utaona herufi. Mwalimu ameyageuza mengi. Wengine mlioko hapa mnajua alichokisoma.

Kwa hiyo ninaandaa mswada, mswada wa mbunge binafsi, wa kurekebisha Sheria ya Silaha. Nausema kwa kifupi. Kila kasha la risasi linalotoka ghalani liwe na namba, na namba hiyo iandikwe pamoja na jina la kituo na la afisa aliyelipokea. Polisi wa akiba akipewa risasi thelathini, akirudi aonyeshe zilizobaki na aeleze zilizokwenda. Mkaguzi Mkuu azikague hesabu hizo kama anavyokagua dawa na saruji, na ripoti iletwe Bungeni kila mwaka. Pia huyo polisi wa akiba, ambaye kwa sheria ni mtu wa kujitolea, awekewe bima. Huwezi kumwambia mtu ahesabu risasi zako kwa uaminifu huku akifa watoto wake wakichangiwa na kanisa.

Sitawadanganya kuhusu safari yake. Miswada ya wabunge binafsi mingi hufia njiani. Ukigusa pesa unapitia Kamati ya Bajeti, halafu usomwe mara ya kwanza, uende kwa kamati husika, wananchi watoe maoni, usomwe mara ya pili, ya tatu, ndipo Rais aupate. Na wapo watakaosema hesabu ya risasi ni siri ya usalama. Nimeshaambiwa hivyo kwenye ukumbi wa chai. Nikamjibu mwenzangu kwamba siri hiyo inajulikana na kila mtoto wa darasa la kwanza jimboni kwangu.

Kuna bunduki nyingine ambayo vijana mmeniambia nisiiruke, ile iliyo halali kabisa, ya serikali. Juni 17 mwaka huu, katikati ya Nairobi, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na polisi kwa karibu, mchana kweupe, kamera zikiona, na akafariki hospitalini karibu wiki mbili baadaye. Tena ulikuwa mwezi wa maandamano, Juni, kama mwaka jana. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, imeeleza lini afisa anaruhusiwa kufyatua risasi, na kwamba mtu akifa au akiumia vibaya lazima IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi, ijulishwe. Kwa hiyo hapa pia sheria ipo. Naam, na hapa pia nirudie wimbo wangu: afisa anayejua kila risasi yake itaulizwa kesho asubuhi hufikiri mara mbili kabla ya kidole kusogea.

Haya, yale mengine.

Kodi. Juni 25 mwaka jana tulipiga kura ya Mswada wa Fedha, 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Mimi nilikuwa katika wale 195. Dakika chache baadaye waandamanaji wakavamia Bunge, dunia nzima iliona. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Simu yangu mliipiga mpaka ikazima, na binti yangu mwenyewe hakunisemesha kwa wiki mbili. Nilichojifunza ni kwamba maoni ya wananchi tulikuwa tunayachukua kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia. Mswada wa mwaka huu niliusoma kifungu kwa kifungu na kamati ya vijana wa hapa, wanne kati yao mnawajua. Kile kifungu cha kuiruhusu KRA, mamlaka ya kodi, kuchungulia data za kibinafsi kilitolewa, na walioniandikia kukihusu ni vijana hao.

SHA. Sheria ilitiwa saini Oktoba 2023, na mpango ukaanza Oktoba 1, 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na choo chake, halafu mtambo unampangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, lakini alipe wa mwaka mzima kwa mpigo. Nimewaeleza Nairobi kwamba mfugaji hana mshahara wa mwezi, ana mbuzi wa kuuza mvua ikinyesha. Mwaka huu wakaleta utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole. Jina tamu. Ni mkopo, someni masharti kabla ya kubonyeza simu. Na mama aliyenisimamisha lango la soko leo asubuhi, aliyelipa na bado akaambiwa hospitalini mtandao umelala, anione tukimaliza. Nataka namba ya risiti yake.

Basari. Mahakama Kuu, Septemba 20 mwaka jana, ilisema sheria ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo unaolipa basari hizi, inapingana na Katiba, ikaupa mfuko huo uhai hadi Juni 30, 2026. Julai 1 mwaka huu zaidi ya wabunge 300 tulipitisha marekebisho ya Katiba ili ubaki. Sasa uko mikononi mwa Seneti, na maseneta na sisi mnajua hatuli sahani moja. Wazazi wa kidato cha pili, msikae mkitegemea. Fomu za muhula huu zipo kwa chifu, hazilipiwi hata shilingi. Anayewauzia fomu mniletee jina.

Mwisho, Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Ilitiwa saini Julai 30. Afisa wa umma hatakiwi kujipatia biashara katika ofisi anayoihudumia, awe yeye au jamaa yake. Nimeona baadhi yenu mmetabasamu. Ndiyo, lori lile la changarawe nami nalijua.

Mswada wa risasi nitauleta hapa ukiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, na wazee wa ng'ambo ya pili nimewaalika. Mkiona wanakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, ni wageni wangu, wapeni maziwa.

Sasa naomba mtu mmoja anayeelekea upande wa mtoni anisaidie kulifikisha kopo hili. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na mwalimu amenipigia simu mara mbili kuniuliza nitalirudisha lini, maana watoto hawana kitu kingine cha kuhesabia.